Tairi za mashindano na gunia la viazi

Leo nimepima tairi za mashindano kwa gunia la viazi.

Jumapili mume wangu hukimbiza gari letu kwa mashindano. Siku zingine ni hilo hilo linalotupeleka kliniki, na kwa mamake kule Karurumo.

Leo hapa Meru fundi akamwekea tairi pana na rimu kubwa.
"Mama Wawira, si zimekaa poa?" mume wangu akaniuliza.

Gari likiwa tupu, ndiyo.

Nikaingia nyuma na mtoto wetu Wawira na gunia la viazi vya shosho, nyanya yake. "Haya, pitia hiyo bampu ya barabarani."

Krrrr! Tairi zikakwaruza bodi. Wawira akaanza kulia.

Mzee wangu akarudisha gari gereji. Kisha akamwambia fundi, "Toa. Rudisha saizi ya zamani."

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

"Nitakuwa wa mwisho."

Basi wa mwisho ndiye tutampigia makofi. Nani anakuja kushangilia Jumapili?