Mjomba Aliyestaafu na Dada Yake

Mjomba wangu alikuwa mkubwa wa ofisi Bunda. Akipita koridoni watu wanasimama. Nilipokuwa mdogo niliamini yeye ndiye atakayeishi miaka mingi kuliko wote kwetu, maana alikula vizuri na akiumwa alitibiwa siku hiyo hiyo. Mama, mdogo wake, alianika dagaa kijijini kwetu Kiriba, kando ya ziwa, akitembea pekupeku kwenye mchanga wa moto.

Mjomba alipostaafu, simu yake ikanyamaza. Akawa hatoki nyumbani kwake Nyasura, hapo hapo Bunda. Hata sokoni hataki, eti watu watamwona amebeba kapu mwenyewe. Presha ikampanda, akalazwa, akarudi, ikapanda tena. Alikonda mpaka mashati ya kazini yakamning'inia.

Mama aliposikia, alinichukua tukaenda Bunda. Tulimkuta sebuleni, mapazia yamefungwa saa nne asubuhi.

"Kaka, unaumwa nini?"

"Presha."

"Sawa, utameza dawa. Lakini na aibu nayo inakuumiza. Ulikuwaga bosi, sasa hauko bosi. Basi! Vaa viatu twende nyumbani."

Hakuna aliyewahi kumwambia mjomba maneno kama hayo mbele yangu. Yeye akauliza viatu vyake viko wapi.

Siku za kwanza Kiriba alisimama pembeni, suruali imepigwa pasi. Mama hakumbembeleza. Alimpa kazi ya kugeuza dagaa kwenye chanja pamoja na akina mama wengine.

"Mzee, geuza taratibu, hayo sio mafaili!" mmoja akamwambia.

Wote wakacheka. Mjomba naye akacheka, na mimi ndiyo mara ya kwanza namsikia.

Baada ya miezi kadhaa nilimsindikiza kliniki. Nesi alimpima mara mbili, akaangalia kadi yake.

"Mzee, imeshuka vizuri. Umefanya nini?"

"Nimemeza dawa zenu bila kuruka. Halafu naishi na mdogo wangu."

"Ni daktari?"

"Muuza dagaa," mjomba akajibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia ofisini, mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka.

Mimi nilikuwa kwenye benchi hilo. Jirani yangu akaniuliza kama namfahamu huyo muuza dagaa. Nikamwambia ni mama yangu mzazi, na nikaanza kumsimulia bila kuombwa.