Wakili Aliyeinama Mlangoni

Wakili wetu aliacha kesi zake Kigoma mjini ili agawe maharage ya kanisa kwa wenye shida, na mimi nikawa dereva wake. Joho alilivua, lakini mazoea hayakumtoka. Kila tulipotoka nyumbani kwa mtu, alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, kisha akainama kama anavyoagwa hakimu.

Pale Kidahwe kulikuwa na bibi mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye mlango wake ulikuwa mfupi. Wakili akiinuka tu, kisogo kinagonga boriti. Kila wiki! Mimi nilikuwa nachemka: “Mzee, hapa si mahakamani. Twende!” Yeye alicheka huku akijipapasa kichwa.

Wakili alipofariki, nilipeleka maharage peke yangu. Nilitua mfuko, nikageuka niondoke.

“Mwanangu, unanipa mgongo?” bibi akaniita. “Wakili alikuwa akiniaga kama mtu. Kama wewe huwezi, beba maharage yako.”

Nibebe? Thubutu! Nilirudi, nikainama mpaka kofia ikaanguka. Nilipoinuka, boriti ikanigonga kisogoni.

“Haya,” bibi akasema, akifuta machozi ya kicheko, “sasa umeniaga.”