Wamefuta Ramani Iliyobaki na Alama ya Kaburi la Mdogo Wangu

Admin, jina langu lifiche vizuri. Kata unaweza kuitaja, ni Nyabiyonza hapa Karagwe, ila ukitaja jina tu, kabla ya jioni usharika mzima utakuwa umesoma.

Shikamooni mlionizidi, wengine habari zenu. Mimi ni dada wa miaka 29, fundi cherehani, sijaolewa, naishi na mama. Baba alishatangulia mbele za haki. Na ndiyo, nacheza gemu kwenye simu. Najua hapo mmeshaanza kucheka. Chekeni mmalize ndipo muendelee kusoma, kwa sababu jambo lenyewe halichekeshi.

Ni gemu la kuendesha pikipiki. Kilichonivuta ni sehemu ya kujenga ramani: unapanga mwenyewe barabara, nyumba na miti, halafu wenzako wanaingia kuendesha humo. Wengine walijenga miji ya maghorofa. Mimi nilijenga kibanja chetu, shamba letu la nyumbani. Kahawa mbele, nyumba katikati, jiko la nje kwa nyuma, na migomba kila mmoja mahali pake. Kuna kaka mmoja wa Nyakatuntu kule Kyerwa, tulifahamiana humohumo kwenye gemu. Alikuwa akiingia anaigonga migomba yangu makusudi, namtukana, tunacheka.

Miaka michache iliyopita unyanjano uliingia kibanjani, ule ugonjwa wa kunyausha migomba. Bwana shamba akaja, akasema tung'oe yote, tusibakize hata shina moja, tulime maharage na mahindi kwanza mpaka udongo upone. Mama alikubali yote isipokuwa shina moja la ndizi za nchoncho nyuma ya jiko. Chini ya shina lile alizikwa mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa akaishi siku chache tu. Kichanga kama yule kwetu hakuwekewa msalaba. Alizikwa kibanjani, na mgomba ndio ukawa alama yake.

"Waitu, hili niachieni," mama alitusihi. "Mkiling'oa, mtoto wangu nitamtafutia wapi?"

Mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia, "Mama, huyu tutamweka kwenye simu, hapotei." Nikaketi naye pale pale kibanjani, yeye anaelekeza, mimi napanga. "Sogeza huku kidogo. Lilikuwa linatazamana na mlango wa jiko. Hapo. Hapo hapo, usiguse tena." Ndipo akaturuhusu kung'oa.

Baadaye nyumba ya zamani ilibomolewa pamoja na lile jiko, tukajenga nyingine karibu na barabara. Kibanja kikalimwa msimu hadi msimu, leo ni shamba tupu, huwezi kujua jiko lilikuwa wapi. Mama hakuwa na wasiwasi. Jumapili tukitoka kanisani aliniomba nimpeleke kwa mtoto. Ninafungua simu, naendesha pikipiki taratibu mpaka nyuma ya jiko, nasimama. Anaangalia, anaitikia kwa kichwa, anakwenda kupika.

Halafu wenye gemu wakaliboresha, eti. Nafungua, sehemu ya ramani haipo. Na si ya kwangu peke yangu, zote tulizojenga wachezaji zimeondolewa. Wakasema wanarahisisha mchezo. Watu walewale waliotuandikia siku tunaanza kujenga kwamba ulichojenga ni chako, utakikuta siku zote! Niliamini neno hilo, nikamhakikishia mama yangu mzazi kwa sababu yake.

Wachezaji tuliungana. Yule kaka wa Nyakatuntu alikusanya majina, tukawaandikia kwa adabu zote: turudishieni ramani, na kama hamtaki, basi tufungulieni hata siku moja tupige picha. Nikawaeleza habari ya mdogo wangu, kitu ambacho hata shoga zangu sijawahi kuwaambia. Jibu lililokuja lilitushukuru kwa kulipenda gemu lao, na chini yake wametangaza koti jipya la kumnunulia dereva. Koti! Nililia kwa hasira. Nawachukia watu ambao hata sura zao sizijui. Picha ya ramani niliyonayo ni moja tu, ya upande wa mbele, niliipiga kuringia kahawa. Nyuma ya nyumba haionekani.

Sasa bwana shamba amesema udongo umepona, turudishe migomba. Mama amekwenda Ihanda kwa shangazi, amerudi na mche wa nchoncho. Anataka uwe wa kwanza kupandwa, palepale alipolala mtoto. Mwinjilisti ameshaalikwa, Jumapili hii baada ya ibada atakuja kupaombea. Na mama hajui kwamba ramani haipo. Kila akitaka tufungue simu tukapime kuanzia barabarani, namwambia bando limeisha.

Nilimpigia kaka yangu mkubwa, yuko mjini Kayanga. Akanijibu, "Mwonyeshe popote kule nyuma, wewe nawe. Atajuaje? Udongo ni uleule."

Labda ni kweli hatajua. Lakini mimi nitajua. Nitamwangalia mama akipalilia mgomba ule na kuusemesha, na mtoto wake amelala pengine kwenye mahindi tunakokanyaga kila siku. Nikimwambia ukweli, itakuwa ni mimi, niliyemwambia hapotei, ndiye wa kumwambia amepotea.

Leo asubuhi amenikuta kwenye cherehani, ameshika vocha. Amekwenda dukani mwenyewe kwa miguu. Akaniwekea juu ya kitambaa nilichokuwa nashona, akasema, "Mwanangu, bando hilo hapo. Maliza kushona, tukapime."

Bado niko hapa nashona, nguo ilishakwisha zamani. Mama amekaa nje na mche wake, ananisubiri. Ndugu zangu, nishaurini kabla hajaniita: nikitoka hapa, nimwambie nini?