Kulabu za Makoti za Mahakama ya Halvik

Orla Brekke aliingia uwakili akiwa na nywele nyeusi kama masizi, na mahakama ya Halvik ikazigeuza nyeupe unywele mmoja mmoja, taratibu, bila kelele. Kila kitu Halvik kilikuwa cha taratibu na bila kelele. Majira ya baridi huko Dakota, moshi ulitoka kwenye mabomba ya nyumba ukaganda, ukasimama wima kama nguzo, na kunguru wakatua juu yake wakasinzia mpaka theluji iyeyuke. Asiyeamini aende mwenyewe, avae soksi mbili.

Kazi yake haikuwa ya kujivunia sana. Aliwaandikia wakulima wosia, akawapatanisha ndugu waliogombea trekta, na jaji alipompangia, alimtetea mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili katika mahakama ya shirikisho. Lilikuwa jengo la mawe lenye ngazi pana na mabomba ya joto yaliyokoroma kutwa. Aliyeingia mle akitoka kwenye theluji alishikwa na usingizi mtamu kabla hajavua glavu. Orla alipenda kukaa dirishani mchana, anakula chapati yake ya viazi iliyopakwa siagi na sukari, anatazama weupe wa nje hadi asijue tena kama ameamka au amelala.

Mgeni wa mahakama ile aliona kwanza kulabu za makoti. Zilianzia mlangoni, zikafuata ukuta, zikapanda ngazi, zikazunguka maktaba, zikaingia mpaka chooni. Mji mzima ungetundika makoti yake na ya marehemu wake, na nafasi ingebaki. Kulabu hizo zote zililetwa na woga.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka, theluji ikishakolea, jaji na mawakili wa pale walikaa pamoja ukumbi wa chini wakanywa supu ya viazi yenye vitonge vya unga. Siku hiyo jaji alivua joho akakaa kama mtu mwingine yeyote. Kutaja kesi iliyo mezani ilikuwa mwiko; kilichozungumzwa ni mahakama yenyewe, wapi inakwama na nini kirekebishwe ili watu wapate haki yao. Jaji Amund Tveit aliwauliza kila mara waboreshe nini. Walijua anauliza hivyo kwa sababu midomo yake iliacha kucheza na nyusi zikapanda. Ndipo wote walipotazama supu zao.

Jibu walikuwa nalo. Jaji alikuwa hasikiki.

Sauti yake ilipungua mwaka hadi mwaka, ikawa kama unga unaochekechwa chumba cha jirani. Buibui wa darini walishuka kwenye nyuzi zao ili wapate hukumu. Ni karani tu, aliyekaa chini ya kidevu chake akipiga chapa, ambaye hakukosa neno, kwa hiyo kwenye karatasi mambo yalinyooka. Na nani amwambie? Jaji wa shirikisho huwekwa kitini kwa maisha. Ukimuudhi leo utamkuta kesho na kesho kutwa, mpaka mmoja wenu azikwe. Tena watu wa Halvik adabu imewazidi. Nyumba ya jirani ikishika moto, wanasifia kwanza mapazia. Basi Norval Quist, mwendesha mashtaka wa serikali na mwenyekiti wa kikao, alisimama kila mwaka, akakohoa, akasema mawakili wanaomba kulabu zaidi. Na jaji, mtu mwema yule, alizileta.

Orla naye alikunywa supu yake akanyamaza, mwaka baada ya mwaka. Aliyemfungua mdomo ni Delbert Oakes.

Delbert alikuwa mfugaji wa farasi wachache, mtu wa maneno machache kiasi kwamba farasi ndio waliomjibia wageni. Alishtakiwa kwa kubeba marobota ya majani makavu kutoka ardhi ya serikali. Orla alipomhoji alijibu tu kwamba ndiyo, aliyabeba, na yaandikwe hivyo. Wakasimama mbele ya Jaji Tveit ili akiri kosa. Jaji akauliza maswali yake yote ya sheria, moja baada ya jingine, na Delbert akajibu ndiyo kila midomo iliposimama. Orla aliitikia kwa kichwa kando yake, kama walivyofanya mawakili wote.

Walipotoka ukumbini Orla alimuuliza kwa nini hakumwambia mapema kwamba alijua ardhi ile ni ya serikali, maana ndivyo karani alivyopiga chapa.

"Sikujua, Bi Orla," Delbert akasema. "Jirani aliniruhusu nichukue kwake. Uzio ulikuwa chini ya theluji, sikuuona."

"Sasa mbona ulimjibu ndiyo?"

"Nilidhani ananiuliza kama nasikia baridi."

Orla hakuwa na la kumlaumu. Swali lile hata yeye hakulisikia. Sasa mtu huyu angeingia gerezani, na farasi wake, wasio na wa kuwalisha, wangepigwa mnada. Aliandika ombi la kufuta ukiri ule, akalitia mkobani. Lakini kumbukumbu za mahakama zilisema ndiyo, wazi kabisa, na jaji angeamini nini kama si karatasi?

Siku ya kutoa adhabu ikaangukia siku ya supu. Mchana Delbert alikaa juu, kwenye benchi la nje ya mlango wa ukumbi wa mahakama, kofia magotini, anasubiri. Chini, bakuli zilitoa mvuke na madirisha yakafunga ukungu, mawakili wakaonekana kama watu waliozama kwenye maziwa. Midomo ya jaji ikacheza, ikasimama. Nyusi zikapanda. Norval akainuka, akakohoa.

"Mheshimiwa, tulikuwa tunaomba kulabu…"

"Kaa, Norval," akasema Orla.

"Orla, mama, acha nimalize."

"Kulabu zinatosha. Huna hata koti la pili." Alishika ukingo wa meza. "Mheshimiwa, hatukusikii. Ukiwa kitini, hakuna anayekusikia. Tunaitikia tu."

Kijiko cha mtu kilianguka na hakuna aliyeinama kukiokota. Jaji aliweka bakuli chini, akamtazama Orla, na midomo yake ikacheza.

"Hata hilo hatukulisikia," Orla akasema, na machozi yalikuwa karibu.

Jaji akavuta pumzi. Ilitoka sauti nzito, yenye kutu, kama lango la zizi lililofungwa tangu ujana wake.

"Norval, mwaka wangu wa kwanza baba yako aliniambia hapa hapa kwamba nanguruma, mashahidi wanalia. Nikashusha. Tangu hapo kila mwaka nawauliza, nasubiri mniambie basi, imetosha. Nyie mnaomba kulabu. Nikajua bado nanguruma."

Norval aligeuka rangi ya kiazi. Hakuna aliyemaliza supu.

Walipanda wote ukumbini, wakikubaliana mlangoni, mbele ya Delbert, kwamba kila atakayemsikia jaji ainue mkono. Jaji akaketi kitini bila joho, nao mawakili wakatawanyika hadi kwenye kona. Akaanza kusimulia hali ya hewa, chini chini: upepo wa kaskazini, theluji ya jioni. Akapandisha kidogo. Mikono ya mbele ikainuka, kisha ya katikati, polepole, kama majani yanayochipua usingizini. Mkono wa Norval, kwenye benchi la mwisho, ukawa wa mwisho kuinuka. Orla akafungua mlango apime na nje. Pale kwenye benchi la nje, peke yake, Delbert alikuwa ameinua mkono.

Kesi yake ilipoitwa, Orla alianza kufungua mkoba. Jaji, sasa ndani ya joho, akamwomba asubiri. Alisema kuna maswali anayotaka kuyauliza upya, yote. Sauti yake ilifika dirishani ikatetemesha kioo.

"Bwana Oakes, ulijua kwamba ardhi ile ni ya serikali?"

Delbert alishtuka kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya ndoto.

"Hapana, Mheshimiwa. Uzio ulikuwa chini ya theluji."

Jaji akaweka kalamu. Akasema ukiri ule hawezi kuupokea, akamgeukia Norval kumuuliza kama ana la kusema.

"Serikali nayo ilikuwa haisikii, Mheshimiwa," Norval akasema. "Tutaitazama upya kesi yenyewe. Yule jirani naye tutamuuliza."

Delbert alirudi kwa farasi wake jioni ile. Orla alibaki akizunguka jengo tupu, anatafuta koti lake. Miongoni mwa kulabu zote zile hakukumbuka ameliacha kwenye ipi, na hakuwa na haraka. Kutoka chumba cha juu alimsikia Jaji Tveit akijizoeza peke yake, anaitangazia Halvik nzima upepo wa kaskazini.