Maandishi Mekundu Katikati ya Blanketi

Wiki hii yote simu yangu haijatulia. Sisi kina mama sita wa ushonaji hapa Nakuru tunapanga kwenda Nairobi kwenye maonyesho makubwa ya mablanketi ya viraka, na kwa jinsi tunavyobishana ungedhani tunahamia huko. Mmoja anataka tuondoke saa kumi alfajiri. Mwingine keshaamua kila mtu atakula chapati ngapi njiani. Mimi niliulizwa swali moja tu, nitapeleka blanketi gani, nikaenda kufungua sanduku.

Rafiki yangu, lile alilolishona nyanya yangu bado linanuka moshi.

Nyanya alinilea kule Olenguruone, kwenye baridi ile isiyouliza kama umejiandaa. Alishona jioni baada ya kukama, karibu na moto, viazi vikichemka sufuriani, na kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Vitambaa vilitoka kwa fundi wa sokoni, mabaki ya sare za shule na ya mapazia. Lakini cha katikati alikichagua mwenyewe: kitambaa cheupe chenye maandishi makubwa mekundu, alichokikata kwenye gunia la pamba alilopewa na jirani. Nyanya hakuwahi kwenda shule. Aliyapenda yale maandishi kama mtu anavyopenda maua, akayazungushia uzi wa kijani.

Mwaka huo kina mama wa kanisa waliamua kupeleka kazi zao kwenye sho ya Nakuru, yale maonyesho ya kilimo ya kila mwaka. Nyanya hakuwa amewahi kuiona sho. Kwa wiki tatu hatukuwa na habari nyingine nyumbani: lori la viazi lililokubali kuwabeba, leso atakayojifunga, blanketi litaanikwa wapi watu walione vizuri. Aliniahidi mandazi ya mjini, kana kwamba yake yalikuwa na kasoro.

Nami ndio kwanza nilikuwa nimejua kusoma. Nilisoma kila kitu, hata pakiti za chumvi. Siku moja kabla ya safari kina mama walikuja kuliona blanketi, likatandazwa kwenye nyasi, kila mtu akalisifu. Mmoja wao akauliza, "Na hapa katikati wameandika nini?"

Nyanya akacheka. "Mimi nitajulia wapi?"

Nikaruka mbele, nikasoma kwa sauti ya darasani: "Chakula cha ng'ombe wa maziwa."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. "Aki wewe, unataka kutufunika na chakula ya ng'ombe!" Nyanya naye alicheka. Akanishika kichwa, akasema, "Kumbe huyu mtoto anajua kusoma! Mmemskia?" Nilijaa fahari. Kisha akalikunja blanketi polepole, akawaambia waende tu, ng'ombe wake yuko karibu kuzaa na hawezi kumwacha.

Nilimwamini. Ng'ombe huyo alizaa miezi mitatu baadaye, na hata hapo sikuelewa.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na mpaka leo naona aibu. Hakunigombeza hata mara moja. Aliendelea kunifunika na blanketi hilohilo, na kila jioni alinipa Biblia nimsomee, akinisikiliza kwa raha kabisa. Sho zikaja, zikapita, hakuzitaja tena.

Siku hizi jiko lile halipo, magunia ni ya plastiki, na wale kina mama wamebaki wawili tu. Nyanya tulimzika zamani. Wenzangu wa ushonaji wamenishauri nishonee kiraka kingine juu ya yale maandishi, eti watu watacheka. Nimekataa, litaenda lilivyo. Ila ningetoa chochote nimwone nyanya amesimama kando yake, mgeni asiyemjua akiuliza, "Hii imeshonwa na nani?" naye ajibu, "Ni mimi."