Goti la Mlinzi wa Geti Letu

Mzee anayelinda geti letu hapa mtaa wa Ayany alikuwa mwanajeshi, na goti lake la kulia bado lina kipande cha chuma. Kabla ya kuinuka kitini huligonga kwa ngumi mara mbili, ndipo likubali kunyooka. Ukimuuliza habari za goti, hujibu, "Liko sawa, afande." Hata binti yangu Celine, wa miaka sita, kwake ni afande.

Mwezi jana kamati ya Bunge ilikuja kanisani kusikiliza wanajeshi wastaafu kuhusu matibabu yao. Nilimwandikia mzee ukurasa mzima: miezi tisa akingoja upasuaji, dawa zimeisha, simu hazishikwi. Akaukunja, akautia mfukoni, akafunga kifungo. Mwenyekiti alikuwa na haraka. "Kuna yeyote mwenye malalamiko?" Wazee thelathini wakasimama wima. "Hakuna, afande!" Karani akaandika hivyo.

"Mzee, na ile karatasi?" nikamuuliza nje.

Akaniangalia kana kwamba mimi ni kuruta. "Mkubwa akiuliza hivyo kwa gwaride, jibu ni moja tu."

Karatasi bado iko mfukoni. Goti siku hizi linataka ngumi nne.