Shamba Kwenye Orodha ya Faili

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye steshenari moja mjini Biharamulo, nyuma ya mama mmoja wa kijiji cha Nyarubungo aliyetaka nakala nyingine ya barua ya mwanawe ya kuomba kazi. Binti anayechapa hakukumbuka aliihifadhi wapi. Akafungua orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, akaishusha taratibu.

Mama akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hiyo yenye jina la mume wangu ni ya nini?"

Iliandikwa: Mauziano ya shamba.

"Hiyo ni ya mteja mwingine, mama."

"Shamba lenyewe ndilo ninalolima. Ameshasaini?"

Binti aliinamia kibodi. "Bado. Anakuja kuichukua kesho."

Mama akajifunga khanga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Barua aliisahau.

Juzi nilipita tena. Binti akaniambia shamba halikuuzwa, mwenyekiti alizuia. Mume alikuja kulalamika kwamba siri za wateja zinaanikwa, na binti ameizima ile orodha.

Nakubali, siri ya mteja ni siri. Ila anayeuza shamba analolima mkewe angemwambia mkewe kwanza, kabla ya kuiambia kompyuta.